Magodoro ya Makapi

Nilimwahidi mama wa rafiki yangu kwamba nitamrudisha mwanawe akiwa mzima. Ahadi hiyo niliitoa nyumbani kwao Ulemo, kwenye kiwanja cha kupuria, nikiwa nimeshika mdomo wa gunia huku yeye akilijaza makapi ya uwele. Hakuna aliyenilazimisha kuahidi. Yeye aliuliza tu, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wake, kama mchezo wetu huo huwa unavunja watu.

"Mama," nikamjibu kwa sauti ya mtu aliyesoma, "mimi ndiye nahodha wa timu. Nitamrudisha kama nilivyomchukua."

"Haya," akasema. Akafunga mdomo wa gunia, akaushona kwa kamba ya katani na sindano ndefu, kisha akavuta gunia jingine.

Mwanawe alikuwa amekaa juu ya gunia la kwanza, akicheka. "Mama, usimwamini huyu. Mnyaturu akiahidi huwa anatazama juu. Mwangalie macho yake."

Ni kweli nilikuwa nimetazama juu. Nilikuwa natazama mawingu, nikihofia mvua isije ikatulowanishia makapi kabla lori la chuo halijatufikia.

Tulikuwa wanachuo wa mwaka wa pili katika chuo cha ualimu, na mchezo wetu ulikuwa mazoezi ya viungo. Haukuwa sarakasi ya kuchekesha watu sokoni. Mkufunzi wetu wa michezo alikuwa amepelekwa ng'ambo kwa miezi michache kujifunza kazi hiyo, akarudi na daftari lililojaa picha za watu alizozichora mwenyewe kwa penseli: watu wanaosimama kwa mikono, watu wanaoning'inia kwenye chuma, watu wanaopinduka hewani na kutua wima kama waliowekwa pale na mtu. Daftari hilo ndilo lililokuwa chuo chetu ndani ya chuo. Pau mbili za kujinyanyulia tulizichonga wenyewe. Chuma cha kuning'inia kilikuwa bomba la maji lililoachwa na mafundi. Kasha la kurukia, lenye urefu wa kifua cha mtu mzima, lilitengenezwa na wenzetu wa ufundi kwa mbao za mninga, na mbele yake tuliweka ubao wa kukanyagia ambao ulipokuwa mpya ulirusha mtu, na ulipozeeka ulimtegua.

Kitu kimoja hatukuwa nacho, nacho ni mahali pa kutua. Ardhi ya Singida wakati wa kiangazi haimpokei mtu. Mkufunzi aliandika barua mara tatu akiomba magodoro ya sponji, na mara ya tatu akajibiwa kwamba barua zake zimepokelewa. Ndipo rafiki yangu akasema kwamba kwao, baada ya kupura, makapi ya uwele hubaki chungu nzima, na kwamba alipokuwa mdogo alikuwa akijitupa humo kutoka juu ya mwamba bila kuumia. Tulikwenda Ulemo wikiendi iliyofuata. Mama yake alituandalia magodoro manne, akayashona mara mbili kila upande, na katikati ya kila moja akapitisha mishono ya msalaba ili makapi yasikimbilie pembeni. Alifanya kazi hiyo siku nzima. Mumewe alikuwa amefariki, na huyu alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Alikuwa akishonea goti la mwanawe, na alijua.

Nami nilirudi chuoni nikatoa hotuba. Niliwaambia wenzangu kwamba magodoro yale manne ni somo kubwa la kujitegemea kuliko vitabu vyote vya maktaba yetu. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja na nilikuwa nimeamini kila nilichofundishwa. Sehemu kubwa bado naiamini, jambo linalofanya uandishi huu uwe mgumu zaidi.

Sasa niseme jambo ambalo waliopata kuniita bingwa hawalipendi. Rafiki yangu alinizidi. Mimi nilikuwa mtu wa nidhamu. Nilikulia Unyambwa nikibeba maji na kulima, nikapata mabega, nikaamka kabla ya kengele kila siku, nikajifunza kila picha ya daftari kwa mpangilio wake. Yeye alichelewa mazoezini, alisahau mpangilio, kisha alipofika kwenye kasha alifanya kitu ambacho hakikuwa katika daftari. Alikimbia, akakanyaga ubao, akagusa kasha kwa mikono miwili, akapinduka hewani, na kabla hajatua akajigeuza nusu, hivyo akasimama akiwa analitazama kasha aliloliruka. Mkufunzi alipouona mruko huo kwa mara ya kwanza alifungua daftari, akalifunga, akasema, "Hebu rudia."

Mimi niliujaribu kwa miezi miwili. Kila mara nilitua kwa makalio.

"Unafikiri mno," alikuwa akiniambia huku akinivuta mkono niinuke. "Ukiwa juu huko unasoma risala. Geuka tu!"

"Na wewe siku moja utageuka usirudi."

"Nitarudi. Mama kashona."

Mashindano ya vyuo yalikuwa yanakaribia, na ilijulikana kwamba atakayeshinda kwenye kasha ataitwa kambini kwa mafunzo zaidi, kisha atapangiwa kazi ya ukufunzi wa michezo. Hilo ndilo alilolitaka. Alitaka kufundisha kuruka, wala hakuwa na hamu ya kitu kingine chochote duniani. Mimi nilikuwa naweza kufundisha Historia, Siasa, Kilimo, chochote. Yeye alikuwa na mruko ule tu.

Wiki tatu kabla ya mashindano, timu yetu ilialikwa kuonyesha mazoezi katika kijiji kipya cha ujamaa upande wa Ikungi, siku ya kukizindua. Tulifika asubuhi na lori, tukashusha kasha, ubao na magodoro. Kijiji kilikuwa kimejipanga vizuri: nyumba kwa mistari, uwanja umefagiliwa hadi ardhi inang'aa, na upande mmoja, mbele kabisa, magogo yamelazwa kwa ajili ya wageni na wazee. Yalikuwa magogo mabichi, yenye magamba na utomvu.

Katibu wa chama aliyesimamia shughuli alinifuata. Alikuwa mtu mpole, mwenye haraka. "Ndugu nahodha," akasema, "tuna aibu hapa. Wageni watakaa wapi? Na wazee hawa, tuwakalishe kwenye magamba?" Macho yake yalikuwa kwenye magodoro yetu.

Hakuniomba. Natamani ningeweza kuandika kwamba aliniamuru, lakini hata kuomba hakuomba. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema. Nikawageukia wenzangu, nikasema kwa sauti ya kutosha kusikiwa na katibu, "Tunahubiri ujamaa kila siku, halafu wazee wetu wakae juu ya miti na sisi tuwe na magodoro? Yabebeni."

Rafiki yangu alikuwa anafunga kiatu. "Na sisi tutatua wapi, Mnyaturu?"

"Tutayachukua kabla ya kasha. Tunaanza na pau, tunafuata chuma, kasha mwisho. Nitakwenda kuyaomba mwenyewe."

"Utamwinua mzee?"

"Nitamwomba."

Akamaliza kufunga kiatu. "Haya," akasema, kama mama yake.

Magodoro yakatandazwa juu ya magogo. Wageni wakakaa, wazee wakakaa, na mkufunzi wetu, kwa kuwa naye alikuwa mgeni, akavutwa mkono akakalishwa miongoni mwao. Watu wakaimba, watu wakasema. Hotuba zilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali. Tulipopewa nafasi tulifanya pau, tukafanya chuma, na watoto wa kijiji wakapiga kelele za furaha ambazo sijapata kuzisikia tena. Kisha ikabaki kasha.

Nilivuka uwanja kuelekea kwenye magogo. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu. Nilipofika nikainama kidogo, nikasema, "Shikamooni wazee."

"Marahaba, mwanangu," wakaitikia wote, na yule aliyekuwa katikati, mzee wa mvi tupu aliyeegemea fimbo yake, akaniuliza nyumbani wapi. Nikasema Unyambwa. Akaniuliza ukoo. Nikasema. Akafurahi, akawaambia wenzake kwa Kinyaturu kwamba huyu ni mtoto wetu, na wote wakaniangalia kwa uso wa kunibariki.

Mtu wa kwetu atanielewa. Ukishasalimia, ukishaulizwa ukoo, ukishaitwa mtoto, unawezaje kumwambia mzee anyanyuke ulipomkalisha wewe mwenyewe? Tangu nikiwa mdogo nilifundishwa kumwachia mzee kiti, sikufundishwa kumwondoa kitini. Maneno yangu yote yalikauka. Nikamtazama mkufunzi. Alinitazama, akatazama gunia alilolikalia, kisha akatazama pembeni.

"Vipi, nahodha?" katibu akauliza. "Anzeni, ndugu yangu, jua linatuua."

Nikarudi mikono mitupu. Wenzangu walikuwa wamejipanga. Rafiki yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza, kwa sababu ndiye aliyekuwa bora, na kwa sababu mimi ndiye niliyepanga.

"Yako wapi?" akauliza.

"Ruka mara moja tu. Tupunguze, wengine hawataruka. Wewe peke yako, mara moja, tumalize."

"Nifanye ule wa kawaida?"

Hapa ndipo ninaporudi kila mara. Ningeweza kusema ndiyo. Mruko wa kawaida, kupita juu ya kasha na kutua kwa miguu miwili, hata ardhi ile ingeuvumilia. Lakini nilikuwa nimeaibishwa na ulimi wangu mwenyewe pale kwenye magogo, na nilitaka kitu cha kuifunika aibu ile. Nilitaka wazee waone.

"Fanya wako," nikasema. "Wamekuja kuuona huo."

Alivua shati, akajipaka vumbi mikononi, akakimbia. Alikanyaga ubao vizuri. Alipinduka vizuri, akajigeuza vizuri. Hewani hapakuwa na kosa lolote, na nataka hili lijulikane. Alitua pale alipotakiwa kutua, akilitazama kasha. Ardhi tu ndiyo haikusogea. Goti la kulia lilikwenda upande ambao goti haliendi, naye akakaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka.

Kisha wale wazee, wote kwa pamoja, wakainuka.

Waliinuka bila kuombwa na mtu. Yule mwenye mvi alilivuta gunia lililokuwa chini yake kwa mikono yake mwenyewe, akalikokota hadi katikati ya uwanja, na wengine wakamfuata na yao. Tukamlaza rafiki yangu juu ya magodoro yote manne. Ndivyo yalivyofika mahali pake.

"Mwanangu," mzee akaniambia, akihema, "haya yalikuwa yenu ya kurukia?"

"Ndiyo, mzee."

"Mbona hukusema? Ulisimama mbele yetu ukatusalimia, mbona hukusema? Sisi hatukuyaomba. Tumeyakuta hapa tukaambiwa kaeni. Tukajua ni heshima mliyotuletea, tukakaa ili tusiwavunje moyo. Yananichoma haya." Alijipapasa nyuma ya mapaja. "Mimi nakaa chini siku zote. Ungesema neno moja, tungeinuka."

Wao walikuwa wamekaa kwa heshima yetu, na mimi nilikuwa nimenyamaza kwa heshima yao. Mtu mmoja tu ndiye aliyelipia heshima hizo mbili, na yeye alikuwa amelala anauma ukosi wa shati alilokuwa amelivua ili asilie mbele ya watoto.

Tulimpeleka hospitali kwa lori. Nyuma yetu sherehe iliendelea; ilibidi iendelee, kwa maana ng'ombe alikuwa ameshachinjwa. Taarifa ya safari iliandikwa na mkufunzi. Niliisoma kwa sababu nahodha hutakiwa kutia sahihi. Ilisema kulitokea ajali ya kimichezo ambayo haikuweza kuzuilika. Aya iliyofuata iliwapongeza wanachuo kwa ukarimu wao wa kuwatandikia wazee magodoro, ikasema huo ndio moyo wa ujamaa kwa vitendo. Nilitia sahihi. Ndiyo, nilitia.

Mguu uliunga vibaya. Madaktari walisema atatembea, na kweli anatembea.

Katika mashindano ya vyuo niliwekwa kwenye kasha mahali pake. Huko tulikopelekwa palikuwa na ukumbi, na chini palitandikwa magodoro ya sponji, ya bluu, manene kuliko kitanda chochote nilichopata kulalia. Nilipoyaona nilitaka kurudi nyumbani. Badala yake nilikimbia, nikakanyaga ubao, nikafanya mruko wa rafiki yangu. Ule ambao kwa miezi miwili nilikuwa naukosa niliufanya siku hiyo mara ya kwanza, bila kosa. Huko juu sikufikiri chochote. Nilitua nikilitazama kasha, ukumbi ukalipuka, na jioni nikapewa kikombe cha bati lililong'arishwa. Nilikuwa bingwa wa vyuo.

Likizo ilipofika nikakibeba kikombe hicho hadi Ulemo. Sijui nilitegemea nini.

Mama yake alinipokea vizuri. Nilimwamkia, akaitikia, akaingia ndani akatoka na kigoda. Kilikuwa kimoja tu. Rafiki yangu alikuwa amekaa kwenye ngozi chini ya upenu, mguu ameunyoosha mbele.

"Kaa, mwanangu," mama akasema.

"Nitakaa chini, mama."

"Mgeni hakai chini hapa. Kaa."

Nikakaa. Yeye akakaa chini, mikono magotini, akanitazama. Hakusema ahadi yako iko wapi. Aliuliza, "Na magunia yangu?"

Chuo kilikuwa kimepokea magodoro ya sponji baada ya ushindi wangu. Barua ya mkufunzi hatimaye ilikuwa imejibiwa. Nikamwambia kweli kwamba magunia yalipasuliwa na makapi yakamwagwa kwenye banda la kuku.

"Yale ya mishono ya msalaba?"

"Ndiyo, mama."

Akatikisa kichwa polepole, akainuka kwenda kuchochea moto wa ugali.

"Bingwa!" rafiki yangu akasema, akinyoosha mkono. "Lete hicho kibuyu tukione." Akakigeuza kikombe, akakigonga kwa kucha. "Chepesi. Wametuona Singida hatujui bati?" Tukacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Nasikia uliufanya mruko wangu."

"Niliufanya."

"Ukatua?"

"Nikatua."

"Chini palikuwa na magodoro?"

"Yalikuwepo."

"Ya sponji?"

"Ya sponji."

Akanirudishia kikombe. "Ni mruko mzuri," akasema. "Usiuache." Hakuniuliza kitu kingine, na tulipokula alinimegea tonge la kwanza kama anavyofanyiwa mgeni. Ningependelea anitupie.

Niliuacha, ila si papo hapo. Nilishinda mara moja zaidi, mwaka uliofuata, kwa sababu niliogopa kueleza kwa nini sitaki, na nilipoitwa kambini nikaandika kwamba mkono wangu una kasoro. Hivyo nafasi ya kambini, aliyoitamani yeye, haikumfaa yeyote kati yetu. Sasa nafundisha Historia na Kilimo katika shule ya msingi, na siku za sherehe napewa kazi ya kuwapanga wageni vitini, kwa kuwa inasemekana nina adabu. Rafiki yangu hufundisha watoto wa jirani kuhesabu, bila mshahara, akiwa amekaa. Kiangazi nakwenda kumsaidia mama yake kupura. Makapi tunayaacha pale pale, upepo huyachukua.

Nimeombwa niandike kumbukumbu za mafanikio yangu katika michezo, na haya ndiyo mafanikio hayo. Kwa hiyo ninayo haki ya kuomba jambo moja dogo. Wewe unayesoma, ukialikwa siku moja kama mgeni mahali ambapo vijana watacheza mbele yako, na ukakuta umetandikiwa kitu laini, kabla hawajaanza uliza kitu hicho ni cha nani. Ukiambiwa ni chao, inuka uwape. Usingoje wakuombe. Hawatakuomba.